RPG za mezani (michezo ya kuigiza wahusika kwa dadu) kwa mtandao bila kulipa: mnatumia zana gani? Tupeane uzoefu

MwanaDadu
Wakuu, vikundi vya D&D na Pathfinder (michezo ya aina hiyo) vinavunjika kila siku kwa sababu wachezaji wametawanyika: wawili Dar, mmoja Nairobi, mwingine Muscat. GM (anayeongoza mchezo) anaona video ya Mmarekani mwenye kompyuta ya maana, anachukua zana ileile, jioni ya kwanza nusu ya meza inashindwa kuingia. Tuwekeane hapa zana zinazofanya kazi kwa bando letu. Naanza na msimamo wangu: angalia simu iliyo dhaifu kuliko zote kwenye kundi, chagua kwa hiyo. Mchezaji mmoja akishindwa kufungua ramani, pambano zima linamsubiri.

BintiTanga
Hapo umegusa penyewe. Kwa simu dhaifu jibu ni Owlbear Rodeo, meza ya ramani kwenye kivinjari. GM peke yake anafungua akaunti, wachezaji wanabonyeza linki na wanaingia bila kujisajili. Akaunti ya bure inakupa vyumba 2 na nafasi ya MB 200. Ukungu (kifuniko cha sehemu za ramani ambazo wachezaji hawajaziona) unaufunua mwenyewe kwa mkono, tokeni (vipande vya wahusika) unaburuta kwa kidole. Haina karatasi ya mhusika wala haijui kanuni za mchezo wowote, na ndiyo maana ni nyepesi. Dadu unaziwasha kwenye viongezi vya chumba, fanya hivyo kabla watu hawajaingia.

Kete_Nyeusi
Dada, bila karatasi ya mhusika GM anabaki kukumbuka AC (kinga) na HP (uhai) za watu wote. Roll20 iko bure tangu 2012, ina karatasi za michezo chungu nzima na dadu ndani ya chati: unaandika /roll 1d20+5 (dadu moja ya pande 20, jumlisha 5) kila mtu anaona, /gmroll anaona GM na aliyerusha tu. Akaunti ya bure ni MB 100. Ukungu wa kufunua kwa mkono upo.

BintiTanga
Fungua Roll20 kwenye simu ya RAM GB 3 halafu uje hapa. Karatasi ya mhusika weka Google Sheets: GM anatengeneza moja, kila mchezaji anapewa nakala yake, anaweka alama ya kutumia bila mtandao. Hata bando likikata, takwimu zake anazo.

Kete_Nyeusi
Kwa simu nakubali. Kwenye kompyuta sikubali.

FundiRamani
Mnagombania zana, na ugonjwa wenyewe mara nyingi ni ramani. Watu wanapunguza ukubwa wa faili na kudhani wamemaliza. Simu haiumizwi na faili, inaumizwa na picha ikishafunguliwa, kwa sababu kila pikseli inachukua baiti 4 za kumbukumbu. Ramani ya miraba 30 kwa 20 yenye pikseli 140 kwa kila mraba ni 4200 × 2800, yaani karibu MB 47 za RAM, hata kama faili ni MB 1. Ishushe hadi pikseli 70 kwa mraba: 2100 × 1400, karibu MB 12. Mraba wa pikseli 70 ndio kipimo cha kawaida cha Roll20, kwa hiyo ramani inakaa sawa bila kuivuta.

Hatua zenyewe: fungua Squoosh kwenye kivinjari (picha haiondoki kwenye mashine yako), chagua WebP (aina ya faili ya picha), ubora 75 hadi 80, punguza upana, hifadhi. Jina la faili liwe na idadi ya miraba, mfano pango-30x20, usije ukahesabu upya usiku wa mchezo. Kama huna ramani, Dungeon Scrawl inachora mapango ya wino mweusi kwenye kivinjari, na michoro ya namna hiyo inabanwa vizuri sana kwa sababu haina rangi nyingi.

JuniorEldoret
Hii ya RAM imenifungua macho. Shukran mkuu.

Nahodha
Mmenikumbusha usiku wa joka. Meza ya watu sita, wanacheza kwa Foundry (programu ya meza ya mtandaoni), seva ipo kwenye laptop ya GM nyumbani. Mtandao wake ni wa simu, anwani ya IP inashirikiwa na wateja wengi, kwa hiyo kufungua mlango 30000 (ambao Foundry inapokea wachezaji) kwenye ruta hakusaidii kitu. (Angalia IP ya WAN, yaani ya upande wa intaneti, kwenye ruta: ikianzia 100.64 hadi 100.127, acha kuhangaika.) Akatumia njia ya bure ya Cloudflare inayoipa seva ya nyumbani linki ya mtandaoni, cloudflared tunnel --url http://localhost:30000, akapata linki, akaibandika Discord (programu ya chati na sauti). Safi kabisa.

Joka limebaki na HP 11. Zamu ya paladini (shujaa wa mmoja wa wachezaji). Umeme ukakata.

Sasa fuatilieni kilichotokea. Laptop ina betri, seva iko hai. Ruta ndiyo imekufa. Wachezaji wanaona ramani imeganda, kila mmoja anadhani bando lake limeisha, anapakia ukurasa upya, anabaki na ukurasa mtupu. GM anawasha hotspot ya simu, kwa haraka anafunga cloudflared na kuiwasha tena. Hapo ndipo mambo yalipoharibika: linki hizi za bure hubadilika kila ukiwasha upya. Watu wanne wanabonyeza linki ya zamani, mmoja ameipata mpya, sauti nayo imekatika kwa GM, hakuna anayejua nani yuko wapi. Usiku ukaishia hapo.

Dawa ni tatu. Ruta iwekewe UPS (betri ya akiba) ndogo ya DC: soma lebo ya adapta, nyingi ni 12 V, na ampea za UPS zisiwe chini ya zilizoandikwa. Kama ni faiba, kisanduku cha faiba kina adapta yake nayo inahitaji kulishwa, ukisahau hiyo ruta itawaka bila intaneti. Pili, linki mpya ibandikwe sehemu moja tu, ujumbe uliopachikwa juu ya chaneli. Tatu, baada ya kila raundi GM aandike HP na zamu kwenye chati ya Discord.

JuniorEldoret
Na joka je?

Mama_Goblini
Usituache hapo Nahodha! Paladini alirusha ngapi?

Nahodha
Wiki iliyofuata walianza na zamu yake. Alipata 19, akapiga kwa smite (pigo takatifu la paladini), joka likaanguka.

Mama_Goblini
Alhamdulillah.

Kete_Nyeusi
Pongezi kwa paladini, ila mada inasema bila kulipa. Foundry ni dola 50.

Nahodha
Dola 50 mara moja, GM peke yake, wachezaji hawatoi hata senti. Watu sita wakichanga inakuwa bei ya bando.

Kete_Nyeusi
Kuchanga ni kulipa, kaka. Anayetaka seva yake nyumbani bila kutoa kitu achukue MapTool: huria, bure kabisa, inaendeshwa na Java. Masharti mawili: wote wawe na kompyuta, na wote wawe na toleo lilelile, la sivyo hamuunganiki.

Mama_Goblini
Jamani sauti! Bila sauti hakuna mchezo. Zoom ya bure inakata dakika 40, Google Meet dakika 60 mkifika watatu. Jitsi haikati, ila tangu 2023 anayefungua chumba kwenye meet.jit.si lazima aingie kwa akaunti. Discord ndiyo tulivu. Chaneli ya sauti huwa kbps 64, karibu MB 29 kwa saa ya kuongea mfululizo. Ishusheni hadi 32 kwenye mipangilio ya chaneli, mtatumia karibu nusu na sauti bado inaeleweka. Kamera zimeni. GM asionyeshe ramani kwa kushirikisha skrini, hiyo ni video, inakula mamia ya MB kwa saa wakati picha yenyewe haifiki MB 1.

BintiTanga
Ongeza Avrae (roboti ya chati inayoshika zamu) kwenye Discord hiyohiyo kama ni D&D. !init begin, kila mtu !init join, halafu !init next kwa kila zamu. HP na mpangilio vinabaki kwenye chati. Joka la Nahodha lingeanguka usiku uleule.

Mzee_wa_Ngano
Wengine hatuhitaji ramani kabisa. Kundi la WhatsApp, kila mtu anaandika zamu yake kwa nafasi yake, ramani ikitumwa itumwe kama hati ili isififishwe. Telegram ni bora zaidi kwa michezo ya dadu za pande sita: ukituma emoji ya dadu, namba inatoka kwenye seva, hakuna wa kudanganya. Na kanuni msipakue PDF za wizi. SRD 5.1 (hati ya kanuni za msingi) ya D&D iko chini ya leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023, na kanuni za Pathfinder zimo zote kwenye tovuti ya Archives of Nethys, halali.

FundiRamani
Mzee, pambano la goblini 12 bila ramani?

Mzee_wa_Ngano
Kanda tatu: karibu, wastani, mbali. Andika kila goblini yuko kanda ipi. Inatosha.

MwanaDadu
Nakusanya haya. Swali moja limebaki: tuna mchezaji Leicester. Tukisema saa mbili usiku anachanganya, na mwezi Oktoba saa zao zinarudi nyuma.

Mama_Goblini
Andika 20:00 EAT (saa za Afrika Mashariki). Kwake ni 18:00 kiangazi, 17:00 baridi. Au tumia alama ya muda ya Discord, <t:namba:F>, ambapo namba ni muda wa Unix (sekunde tangu mwanzo wa 1970) wa kikao. Kila mmoja ataona saa ya kwake.