Gari la familia ya watu saba: tuagize Noah kutoka Japani au tununue iliyokwisha kutumika hapa nchini?

Mama wa Ipagala (Dodoma)

Habari za majukumu, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunaishi Ipagala, tuna watoto wanne, na tunakaa na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua. Gari letu la sasa ni dogo, la siti tano, kwa hiyo tukienda kanisani au shambani lazima wengine wapande bodaboda, na safari ya kwenda kwa wazee Iringa haiwezekani tena kwa gari moja. Tumeweka akiba kwa muda mrefu na tumefikisha shilingi milioni 32, ambazo zinapaswa kutosha ununuzi, ushuru, usajili na bima.

Tunayoyafikiria ni haya. Kuna Noah au Voxy ya kuagiza Japani. Kuna Noah ya 2006 inayouzwa Arusha, ambayo dalali anasema ilikuwa ya familia na bei yake inatuachia akiba nzuri. Mume wangu anavutiwa na Alphard ya zamani kwa sababu ya nafasi, na mimi nimeiangalia Sienta kwa sababu ya mafuta. Jirani yetu ametushauri tukope tununue gari jipya kabisa, lisilotembea hata kilomita moja. Naomba ushauri wa mtu anayeyafahamu magari haya kwa undani, hasa juu ya gia boksi na ile milango ya kusukuma, kwa kuwa mama atahitaji kupanda na kushuka kila siku.

Fundi wa Gerezani (Dar es Salaam)

Mama, hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa. Kazi yangu kubwa ni magari haya, na nitaanza na Noah kwa sababu zipo za namna kadhaa na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ilitengenezwa hadi 2001, injini yake ikiwa chini ya siti za mbele, na husukumwa na tairi za nyuma. Hiyo imeshazeeka mno kwa safari zenu. Ikafuata ya 2001 hadi 2007, ambayo kibati chake kimeandikwa AZR60, au AZR65 ikiwa inavuta kwa tairi zote nne. Hiyo ndiyo yenye injini ya D4, yaani 1AZ-FSE, ambayo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachozisafisha, na masizi hujikusanya pale mwaka baada ya mwaka mpaka injini inaanza kutetemeka ikiwa sailensa (inaunguruma gari likiwa limesimama), inazimika kwenye mataa na inakula mafuta. Pampu yenyewe nayo haivumilii petroli chafu. Injini hiyo hutengenezeka, lakini inataka fundi aliyeizoea na mwenye mashine ya kuisoma, na ile Noah ya Arusha ya 2006 inaangukia humo humo.

Ya tatu ilitengenezwa kuanzia 2007 hadi mwanzoni mwa 2014, na kibati chake ni ZRR70 au ZRR75. Injini yake ni 3ZR ya lita mbili, ambayo hupuliza petroli kwa njia ya kawaida kabla ya valvu, na taimingi yake ni ya mnyororo. Sakafu yake ipo chini kidogo, jambo ambalo mama mwenye maumivu ya magoti ataliona siku ya kwanza. Kwa bajeti yenu, hiyo ndiyo ninayoishauri, iwe Noah au Voxy, kwa kuwa tofauti ya hizo mbili ni sura tu.

Gia boksi ya ZRR70 ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, na hapo ndipo ningetaka muwe waangalifu kuliko popote. CVT ikitunzwa inadumu. Ikiwekewa mafuta ya gia boksi ya kawaida inaharibika bila kukupa muda wa kujiandaa. Kabla ya kununua gari lolote lililopo nchini, liwashe likiwa limelala usiku kucha, weka D huku umekanyaga breki, na usikilize kama kuna kishindo au kuchelewa kushika. Kisha litafutie mlima. Ninyi mtakuwa mnapanda mlima Nyang'oro, njiani kwenda Iringa, mkiwa saba na mizigo, kwa hiyo jaribio la kuzunguka mtaa wa tambarare halitawaambia chochote. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda huku mwendo hauongezeki, au ukisikia mluzi unaopanda pamoja na mwendo, au gari likatetemeka linapoondoka, acheni hilo gari hata kama rangi yake inang'aa. Na mkishanunua, mafuta ya gia boksi yawe yale yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na simama pale pale fundi anapoyaweka.

Kuhusu milango ya kusukuma, mingi ya ZRR70 ni ya umeme angalau upande mmoja, na ndani yake kuna mota inayovuta waya. Zima umeme wa mlango kwa swichi iliyo karibu na usukani, kisha uusukume kwa mkono. Ukiwa mzito au unaruka ruka, basi roli zake zimekwisha au njia yake imepinda, na mota itachoka kuuvuta. Rudia jaribio hilo gari likiwa limesimama mteremkoni, kwa sababu mlango mbovu hujificha penye usawa. Waya ukikatika, mlango unaweza kugoma kufunguka, na sitaki mama akwame ndani.

Alphard ni gari zuri, lakini ya bajeti yenu ni ile ya kabla ya 2008. Yenye injini ya 2.4, yaani 2AZ-FE, hujulikana kwa kula oili ikizeeka, na nyuzi za boliti za silinda hedi huweza kung'oka gari likishawahi kuchemsha. Yenye V6 ya lita tatu ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita laki moja, na unywaji wake wa petroli hauendani na familia inayohesabu ada za shule za watoto wanne. Namheshimu sana baba, lakini kwa hili nisingemuunga mkono.

Wakala wa forodha, Kurasini

Fundi ameeleza ya injini. Mimi nieleze ya fedha, kwa sababu wengi huangalia bei ya Japani na kusahau kinachofuata bandarini.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari ikiwa ni pamoja na nauli ya meli na bima. Juu yake inakuja kodi ya bidhaa kulingana na ukubwa wa injini: kutoka cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo ni asilimia 10. Injini ya Noah, yenye cc 1,986, inabaki ndani ya kundi la asilimia 5, wakati Alphard ya cc 2,362 inavuka. Halafu kuna kodi ya uchakavu: gari lenye umri wa miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka kumi asilimia 30. Mwisho kabisa VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla ya yote hayo. Ukipiga hesabu, gari la lita mbili lililozidi miaka kumi hulipiwa kodi inayokaribia kulingana na thamani yake yote, wakati lililo chini ya miaka minane hulipiwa kama asilimia 55 ya thamani, kabla ya tozo ndogo ndogo. Ndiyo maana gari la zamani lenye bei ndogo Japani huweza kukugharimu karibu sawa na lililo jipya zaidi.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba TRA (Mamlaka ya Mapato) ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, na mtu yeyote anaweza kuufungua kwenye tovuti yao, akaweka aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, akaona kodi yote. Msimtumie muuzaji wa Japani hata shilingi kabla hamjafanya hivyo. Kisha ongezeni gharama za bandari, ukaguzi wa TBS (Shirika la Viwango), usajili na ada ya wakala.

Mwombeni muuzaji karatasi ya mnada ya gari husika, yaani ripoti ya ukaguzi wake kwenye mnada wa Japani. Ina daraja la jumla, na gari la familia ningelitaka la 4 au zaidi. Herufi R au RA maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. S zikiwa nyingi, hasa kwa gari lililotumika Hokkaido ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, ombeni picha za chini ya gari. Kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi hiyo mzilinganishe na za dashibodi gari likifika. Muuzaji asiyetaka kutoa karatasi ya mnada, achaneni naye.

Baba Neema (Moshi)

Naomba niongezee juu ya Noah ya Arusha. Huku kwetu Kilimanjaro na Arusha, Noah zimebeba abiria kwa miaka mingi kati ya miji na vijiji, na si chache zinazouzwa sasa kama gari za familia zilikuwa kazini. Kazi hiyo si kosa, lakini gari lililofunguliwa mlango mara nyingi kila siku, likibeba watu kumi kwenye barabara za milimani, limekwisha kwa namna ambayo dashibodi haiwezi kukuonyesha.

Namba za njano peke yake zisiwaridhishe, kwa sababu gari la biashara lenye namba nyeupe linaweza kubadilishiwa matumizi likasajiliwa upya kuwa la binafsi. Inueni mazulia na mtazame sakafuni kama kuna matundu ya boliti za siti zilizoongezwa. Angalieni kama mikanda ya usalama ya nyuma ipo yote na inafunga, kwa kuwa kwenye magari ya abiria huwa ya kwanza kutupwa. Tazameni springi za nyuma kama zimebadilishwa kuwa ngumu, na reli ya mlango wa kushoto kama imechomelewa. Ombeni kadi halisi ya gari, mhakiki TRA jina la mmiliki na historia ya usajili, na mwangalie kwenye mfumo wa polisi kama gari linadaiwa faini. Dalali akisema mwenye gari yuko safarini na hawezi kuzungumza nanyi, rudini nyumbani.

Mwalimu wa Kisauni (Mombasa)

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Kwetu sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo ninayoyafahamu ni matoleo ya karibuni kidogo. Ninaendesha Sienta ya toleo la pili, lililoanza 2015, na nitaizungumzia hiyo kwa kuwa dada ameitaja.

Kwa mjini ni gari la kuridhisha mno: mlango wa kusukuma uko chini, injini ya lita moja na nusu haitumii mafuta mengi, na kuegesha ni rahisi. Hata hivyo, siti za nyuma kabisa ni za watoto. Mkikaa saba, nyuma inabaki nafasi ya mifuko michache tu, na kwa safari ya mbali mizigo italazimika kupandishwa juu ya paa. Gari likijaa hivyo, mlimani linajikokota. Kama mngekuwa watano na wageni wa mara moja moja, ningesema chukueni Sienta bila kusita. Kwa watu saba wa kila siku, na mmoja wao mtu mzima mwenye maumivu, Noah ndiyo inayofaa, ingawa nayo siti za nyuma zikishushwa buti linakuwa dogo.

Kuhusu gari jipya kabisa, kuna Suzuki Ertiga, na Toyota Rumion ambayo ni Ertiga hiyo hiyo yenye nembo ya Toyota. Zina siti saba, injini ya lita moja na nusu, na dhamana ya mtengenezaji, jambo ambalo linampa mtu utulivu wa kweli. Lakini milango yake ni ya kawaida, siti za nyuma ni finyu, na bei yake ingewaingiza kwenye deni la miaka. Kwa familia yenye akiba taslimu mkononi sioni sababu ya kukopa.

Mama wa Ipagala (Dodoma)

Nawashukuru sana. Jana jioni tumekaa na mume wangu tukasoma yote, tukafungua mfumo wa TRA, na tumekubaliana kuiacha ya Arusha na Alphard pia. Tunatafuta Voxy ya ZRR70 yenye karatasi ya mnada. Swali langu la mwisho ni kwa fundi: gari likishatoka bandarini, tunaweza kuliendesha moja kwa moja hadi Dodoma, au kuna vitu vya kufanya kwanza?

Fundi wa Gerezani (Dar es Salaam)

Msiliendeshe moja kwa moja. Kwanza badilisheni oili ya injini na filta yake, filta ya hewa na maji ya rejeta, na mpime mafuta ya breki. Mafuta ya CVT yabadilishwe pia, kwa sababu hamna uthibitisho wa lini yalibadilishwa.

Kisha tazameni tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Tairi nyingi zinazokuja na magari hayo zina kashata (meno ya tairi) nzuri lakini mpira wake umeshakauka, na nyingine ni za theluji, laini, ambazo zinalika upesi kwenye lami yetu ya joto. Tengeni fedha za tairi nne ndani ya bajeti tangu sasa. Mwisho, fungeni mikanda yote ya usalama mmoja mmoja, ukiwamo wa siti ya katikati, ambao kwenye matoleo mengi ya zamani ni wa kiunoni tu. Mtoto mdogo asikae hapo, bali pembeni kwenye siti yake ya mtoto, penye mkanda unaopita begani.