Kiingereza cha kuanzia kwa wanafunzi wageni: nipange vipi muhula mmoja?

Madam_Bondeni (Nakuru)

Walimu wenzangu, hamjambo. Naomba mawazo yenu kabla muhula wa pili haujaanza.

Nafundisha shule ya msingi ya umma hapa Nakuru mjini. Tangu mwaka jana tumepokea watoto waliokuja na jamaa zao kutoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini. Walio kati ya gredi ya nne na ya sita sasa ni kumi na mmoja. Mwalimu mkuu amenikabidhi jukumu la kuwaandalia kozi ya Kiingereza cha kuanzia: vipindi vinne kwa wiki, dakika 35 kila kimoja, baada ya masomo ya jioni. Chumba kipo, chaki zipo, na kabatini kuna vitabu vya gredi ya kwanza ambavyo naruhusiwa kutumia.

Mnajua mambo yalivyo. Hadi gredi ya tatu mtoto wa mjini anaweza kusaidiwa kwa Kiswahili. Akiingia gredi ya nne, ukitoa somo la Kiswahili lenyewe, kila kitu ni Kiingereza: hesabu, sayansi, kilimo, hata maagizo yaliyo juu ya karatasi ya mtihani. Mgeni wa miaka kumi na miwili anaingia hapohapo, katikati.

Wiki iliyopita nilikaa na msichana wa gredi ya tano aliyetoka Bukavu. Anasoma Kifaransa bila kukwama, na mwandiko wake unashinda wa wenzake wengi. Nikamtajia herufi za Kiingereza aziandike. Nikisema E, anaandika I. Nikisema G, anaandika J. Nikisema A, anaandika E yenye alama juu yake. Niliporudia polepole aliandika vilevile, kwa uhakika kabisa. Masikio yake yanasikia majina ya herufi za Kifaransa. Baada yake akaja mvulana wa miaka kumi na mitatu kutoka Sudan Kusini, ambaye vita vimemnyima shule karibu maisha yake yote. Yeye kalamu anaishika kwa ngumi, na ukurasa unaisha kabla hajamaliza jina lake. Kwenye orodha niliyopewa ofisini, wote wawili wameandikiwa maneno yaleyale: "hajui Kiingereza".

Mpango niliouandika kwanza unafuata vitabu: alfabeti wiki mbili, kisha salamu, rangi, sehemu za mwili, wanyama, familia, halafu nyakati za vitenzi. Lakini moyo wangu haujatulia. Mtoto ataweza kumtaja twiga na kifaru, na bado atashindwa kumwambia mwalimu wa sayansi kwamba hajaelewa.

Niwagawe vipi? Kiswahili nikitumie kiasi gani, ikiwa wale wa Kongo na Burundi wanakielewa na wale wa Sudan Kusini wanazungumza Kidinka na Kiarabu cha Juba tu? Na yule asiyefungua mdomo kabisa, nimwache au nimlazimishe?

---

Mwalimu_Kitale

Madam, nimefundisha Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kabla ya kuhamia huku Trans Nzoia, kwa hiyo hao watoto wako nawaona kama nimekaa nao.

Usiwagawe kwa nchi wala kwa gredi. Wagawe kwa jambo moja tu: je, mtoto anaweza kusoma lugha yoyote ile? Msichana wa Bukavu tayari anajua kwamba alama kwenye karatasi ni sauti, kwamba sentensi ina mwanzo na mwisho, kwamba kitabu kinajibu maswali. Huyo alfabeti usimfundishe wiki mbili, utamchosha. Mpe karatasi yenye herufi 26, kando ya kila herufi muandike pamoja jinsi inavyoitwa hapa, aibandike ndani ya jalada la daftari. Siku chache zinamtosha. Mvulana wa ngumi anahitaji kazi nyingine kabisa: kushika kalamu, kufuata mstari, kusikia kwamba neno linakatika vipandevipande. Na ukipata mtoto aliyesomea Khartoum kwa Kiarabu, kumbuka macho yake yamezoea kutoka kulia kwenda kushoto, na Kiarabu hakina herufi kubwa na ndogo. Huyo ni msomaji. Anageuza mwelekeo tu.

Kuhusu mpangilio, anza na sentensi ambazo zitamwokoa kesho asubuhi. "I don't understand." "Please say it again." "May I go out?" "I am sick." "He has taken my pen." Azitoe nzima hivyohivyo, sarufi yake mtaieleza baadaye. Pamoja nazo weka amri za darasani: fungua, funga, nakili, pigia mstari, zungushia duara, oanisha, jaza nafasi. Hizi amri ndizo zinazowaangusha kwenye karatasi, kuliko maswali yenyewe.

Na hapo ndipo jibu la watoto wanaonyamaza. Usimlazimishe. Kuna njia ambayo Mmarekani James Asher aliieneza tangu miaka ya 1960: mwalimu anatoa amri na kuitenda, watoto wanaitenda bila kusema neno. "Stand up. Walk to the door. Touch the window. Give the book to the girl in the blue sweater." Yule aliye kimya anafanya sawa na wenzake, nawe unaona ameelewa nini. Ukiona mkono wake unaenda dirishani kabla ya wa jirani yake, ujue Kiingereza kinaingia. Mdomo utafuata. Wengine wangu walikaa hivyo wiki nyingi, na walipoanza kusema walianza na sentensi kamili.

Kitu kimoja utakutana nacho karibu kwa wote: "he" na "she". Kirundi, Kidinka na Kiswahili hazitofautishi, basi utasikia "my mother he is coming" hadi mwisho wa muhula. Sahihisha kwa kurudia tu maneno yake kwa usahihi, kisha endelea na mazungumzo.

Kiswahili tumia bila hofu kwa wanaokielewa. Dakika moja ya maelezo ya Kiswahili inaokoa kumi za kuchora ubaoni. Tena mimi yule mvulana ningemfundisha kusoma silabi za Kiswahili kwanza, ba be bi bo bu, kwa sababu kila irabu ina sauti moja tu. Kiingereza kina "cake", "car" na "call", A tatu zenye sauti tatu.

---

Hesabu_Nyalenda (Kisumu)

Nakubaliana na Mwalimu wa Kitale kwa mengi, ila hilo la mwisho silikubali. Mvulana wa Sudan Kusini hajui Kiswahili. Akianza kusoma silabi za maneno asiyoyaelewa, atakariri tu. Kiswahili atakiokota mwenyewe uwanjani akicheza mpira, hasa Nakuru. Mfundishe kusoma maneno mafupi ya Kiingereza ambayo tayari ameyatenda kwa mwili: "sit", "run", "pen", "bag". Sauti zake ni nyepesi na maana anayo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu na nimekuja kuwatetea watoto kwa jambo ambalo walimu wa lugha huwa hawalioni. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa anaandika tatu na nusu hivi: 3,5. Sisi tunaandika 3.5. Moja yake ina mkia mrefu unaopanda juu, na mwalimu mwenye haraka anaiona ni 7. Kugawanya ndiko kubaya zaidi. Sisi kigawanyo tunakiweka kushoto na jibu tunaliandika juu. Wao kigawanyo kiko kulia, na jibu linakaa chini yake. Nimeona daftari la mvulana kutoka Burundi limejaa alama nyekundu ukurasa mzima, na kila jibu lilikuwa sahihi. Alikuwa amefikia hatua ya kuamini kwamba hesabu hajui.

Kwa hiyo Madam, kipindi kimoja kati ya vinne kipe hesabu na sayansi. Kila Ijumaa waombe walimu wa masomo hayo maneno kumi watakayotumia wiki inayofuata. Maneno mengine yanajulikana mitaani lakini darasani yana kazi nyingine: "table", "difference", "borrow", "carry". Mtoto akiyasikia kwako Jumatatu, Jumatano darasani anainua mkono. Kuinua mkono mara moja mbele ya wenzake arobaini kunambadilisha kuliko kipindi chochote cha rangi na wanyama.

---

Mama_FreeArea (Nakuru)

Habari zenu walimu. Mimi si mwalimu, ni mzazi. Tulitoka Bukavu, sasa tunakaa huku Free Area. Nimesoma maneno yenu yote na nimefurahi, maana sikujua kama kuna watu wanawaza hivi juu ya watoto wetu.

Naomba niseme mambo mawili. Kwanza saa. Baada ya masomo ya jioni binti yangu anamchukua mdogo wake kwa jirani, kwa sababu mimi niko sokoni hadi giza. Shule aliyokuwa mwanzo waliweka masomo ya ziada jioni, hakuweza kwenda, wakasema mzazi hajali. Mwalimu, ukiweza tafuta saa ya mchana.

La pili, shule hiyo ilimrudisha gredi ya pili. Nyumbani alikuwa amemaliza mwaka wa nne, na mgawanyo na sehemu alijua. Aliwekwa na watoto wadogo wa miaka saba, magoti hayaingii chini ya dawati. Alikataa kula. Waliniambia pia niongee naye Kiingereza nyumbani. Kiingereza nitakitoa wapi? Mimi naongea naye Mashi na Kiswahili, na Kifaransa kidogo. Nilikuwa naogopa namharibia. Naomba mnijibu, namharibia?

---

Mwalimu_Kitale

Mama, pole sana kwa hayo. Humharibii hata kidogo. Endelea kumsimulia hadithi kwa Mashi, mwulize kwa Kiswahili leo amejifunza nini kuhusu mimea au damu. Akishalielewa jambo kwa lugha yake, kwa Kiingereza anabaki na kazi ya kutafuta maneno tu. Na kama bado anapenda kusoma Kifaransa, mpe asome. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure kwa Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, na mara nyingi ni hadithi ileile na picha zilezile. Asome kwa Kifaransa leo, kesho aisome kwa Kiingereza.

---

Madam_Bondeni (Nakuru)

Asanteni, na asante kwa namna ya pekee Mama wa Free Area. Nimeenda kwa mwalimu mkuu leo asubuhi nikamweleza habari ya saa. Tumekubaliana vipindi viwili viwe mara tu baada ya chakula cha mchana, na viwili asubuhi wakati wenzao wako kwenye gwaride na usafi. Hakuna mtoto wangu atakayekosa hesabu wala michezo. Michezo nimeikatalia kabisa, kwa kuwa huko ndiko wanakopata marafiki.

Mpango nimeufuta na kuuandika upya. Wiki tatu za kwanza ni sentensi za kuokoa na amri za darasani, zote kwa kutenda. Jumatatu ni ya maneno kumi ya hesabu na sayansi. Walimu wawili wamekubali kunipa, wa tatu bado namwandama. Wasomaji watano nitawapa hadithi za lugha mbili, na wale sita ambao hawajasoma watakaa nami mbele. Mvulana wangu nimeamua kumwanzisha na maneno mafupi ya Kiingereza kama alivyoshauri Hesabu Nyalenda, na wale wa Burundi wasiosoma nitawaanzisha na silabi za Kiswahili, kwa kuwa hao maana wanayo. Walimu wote nimewaonyesha ubaoni jinsi Mfaransa anavyogawanya. Mmoja aliondoka akaenda moja kwa moja kuchukua madaftari aliyokuwa amesahihisha.

Limebaki swali moja. Mwalimu mkuu anataka mwisho wa muhula nimwonyeshe matokeo, na anafikiria mtihani uleule wa darasa. Nimjibu nini?

---

Mwalimu_Kitale

Mjibu kwamba kuna Kiingereza cha uwanjani na kuna Kiingereza cha kitabu. Jim Cummins, msomi wa Kanada, alizitofautisha mwaka 1979. Tafiti zake kwa watoto wahamiaji huko zilionyesha kwamba cha mazungumzo hupatikana kwa miaka kama miwili, na cha masomo huchukua mitano hadi saba kumfikia mzawa. Muhula mmoja hauwezi kufuta pengo hilo, na mtihani wa darasa utamwonyesha sifuri ambazo si za kweli.

Badala yake, fungua ukurasa mmoja kwa kila mtoto leo. Andika amri ngapi anatenda bila kutazama wenzake, sentensi zipi anasema mwenyewe, anasoma maneno mangapi kwa dakika moja. Mwekee na kipande cha mwandiko wake chenye tarehe. Rudia katikati ya muhula na mwishoni, kwa maswali yaleyale. Kwa hesabu, mpe karatasi ya tarakimu tupu isiyo na maneno, uone anajua nini hasa. Hiyo ya mwisho ifanye wiki ya kwanza, kabla ofisi haijaamua kumrudisha mtu gredi ya pili.