Mrejesho: Mapitio ya maandiko kwa mtihani wa uzamivu

Wakuu, niliuliza namna ya kupanga mapitio ya maandiko kuhusu vijiji vya Ujamaa vya Tanzania ya Nyerere kwa mtihani wangu wa jumla wa uzamivu: nifuate mwandishi mmoja mmoja, au nifuate mjadala? Nimefaulu, na nawashukuru kwa moyo wote.

Mliosema mjadala mlikuwa sahihi kabisa. Nilianza na swali moja: kwa nini mpango ule ulikwama? Hapo waandishi wakaanza kujibizana. Shivji (1976) analitazama tabaka la warasimu lililoshika dola. Hyden (1980) anasema dola haikuweza kumdhibiti mkulima mdogo, maana aliweza kuishi kwa shamba lake na jamaa zake. Scott (1998) anawalaumu wapangaji waliotaka vijiji vinyooke huku wakipuuza ujuzi wa wakulima.

Ushauri ulionifaa zaidi ni wa dada aliyesema kila mwandishi nimuulize: ushahidi wako umetoka wapi, na nani hakusikika? Nikawa nashinda East Africana, sehemu ya vitabu na nyaraka za Afrika Mashariki pale maktaba ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma tanbihi kuliko sura zenyewe. Ndipo nikaona uzito wa Lal (2015), aliyekwenda Mtwara kuwasikiliza wanavijiji, wanawake kwa wanaume. Pengo langu la utafiti nililipata hapo.

Watahini walinibana kwenye msimamo: unakubaliana na nani, na kwa nini? Anayejiandaa auandike mapema, hata kama ataubadilisha. Jedwali langu la ulinganisho ninalo, anayelihitaji aseme.