Kugundua matende mapema: kipimo cha damu hasi, ila mguu unajaa jioni

Zahanati_Pangani
Habari za kazi wakuu. Wagonjwa wengi wa matende wanatufikia ngozi imeshakuwa ngumu, tunabaki kuwafundisha kuosha mguu tu. Sasa yupo mvuvi, umri miaka 26. Mguu wa kushoto unamjaa jioni, akiamka umepungua wote. Kipimo cha haraka kimetoka hasi. Hapa tuna vipimo hivyo na futi kamba, basi. Nimwambie hana matende?

MaabaraTanga
Usimwambie hivyo, mkuu. Kipimo kile kinatafuta antijeni, yaani chembe zinazotoka kwa minyoo mikubwa ya matende iliyo hai. Hakisemi lolote juu ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu. Mnyoo unakaa humo miaka 5 hadi 7, unatanua mishipa mpaka vali zinashindwa kufunga. Ukishakufa antijeni inapotea, uharibifu unabaki. Ndiyo maana wengi wenye mguu uliovimba wanatoka hasi. Na kuna walio chanya, miguu mizima kabisa kwa macho, lakini picha ya limfu inaonyesha mishipa imeshatanuka.

Hakikisheni pia kipimo chenyewe kimefanyika sawasawa: damu mikrolita 75, isomwe dakika ya 10. Ikiachwa mezani nusu saa mstari hafifu unaweza kujitokeza, mkaandika chanya isiyokuwepo. Cha hadubini ndicho kinachohitaji damu ya usiku, saa 4 hadi saa 8, kwa sababu vijiminyoo vya huku hupanda kwenye damu ya pembeni wakati huo.

Fizio_Muheza
Futi kamba inakutosha kwa kuanzia, ila iwe ya plastiki isiyovutika. Ya kitambaa ikishatumika sana inavutika na kukudanganya.

Asimame pekupeku, uchore alama kwa kalamu kutoka sakafuni: sentimita 10, 20 na 30. Zungushia futi kwenye kila alama, iguse ngozi bila kuibana, miguu yote miwili. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi kwenye alama moja si ya kupuuza. Ukitaka ujazo, chukua mizunguko miwili inayofuatana, tuseme 22 na 30. 22×22 ni 484, 22×30 ni 660, 30×30 ni 900, jumla 2,044. Zidisha kwa 10 (umbali kati ya alama), gawa kwa 37.7 (12 mara pai), unapata kama mililita 542. Fanya hivyo mguu wa pili, ulinganishe.

Wengi wanapokosea ni saa ya kupima. Kliniki ni asubuhi, na uvimbe wa daraja la kwanza asubuhi haupo! Huyo mvuvi apimwe jioni akitoka kazini, apimwe tena alfajiri kabla hajasimama sana. Ukishuka wote ni daraja la kwanza. Usiposhuka wote ameshaingia la pili.

Kisha bonyeza kwa dole gumba juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, nusu dakika. Kibonyeo kikibaki, maji yapo. Angalia katikati ya vidole kwa tochi: fangasi na mipasuko ndiyo milango ya bakteria, na kila homa ya mguu mwekundu, wa moto, wenye mtoki kinenani, inausogeza mguu daraja la juu. Hapo ndipo pa kuwahi. Sabuni na maji safi kila siku, kukausha vidole vizuri, dawa ya fangasi, kuinua mguu akipumzika.

Zahanati_Pangani
Shukrani sana. Na kile cha kubana ngozi ya kidole cha pili cha mguu?

Fizio_Muheza
Ngozi ikikataa kunyanyuka, una jibu. Ikinyanyuka usimwondolee shaka, mapema mara nyingi hunyanyuka.

Dkt_wa_zamu
Nyongeza mbili. Kwanza, ultrasaundi ya mguu haitakusaidia sana kutafuta minyoo. Kwa mwanamume iombwe ya mfuko wa korodani, probu (kile kifaa cha kupitisha juu ya ngozi) ya megahezi 7.5 au zaidi: minyoo hai inaonekana ikichezacheza mahali pamoja bila kufuata mapigo ya moyo. Muulize na dalili za busha, wengi hawasemi mpaka waulizwe faraghani.

Pili, si kila mguu wa jioni ni matende. Miguu yote miwili ikivimba sawa, pima mkojo kwa protini, presha, sikiliza moyo. Mguu mmoja uliovimba ghafla, shavu la mguu linauma: fikiria damu iliyoganda, mpeleke hospitali ya rufaa Bombo siku hiyohiyo, wala usiukande.

Dawa za kampeni ya matende, ivermectin na albendazole, ameze hata kama kipimo ni hasi. Ila aelezwe kwamba zinazuia maambukizi kuendelea, haziurudishi mshipa uliokwisha kutanuka. Asipoelezwa, uvimbe ukibaki ataacha na kuosha.