Tekken ipi mnaiweka mbele ya nyingine zote, na mnaipima kwa kigezo gani?

Mkunjangumi (swali)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nina swali ambalo bila shaka limewahi kuulizwa kwa namna nyingine, ila majibu ninayoyasoma mara nyingi huishia kwenye kutaja namba ya toleo na kuondoka. Katika mfululizo wa Tekken, ile michezo ya video ya mapigano, ni toleo lipi unalipenda kuliko yote, na unalipima kwa kigezo gani? Tuviweke kando vigezo vya mauzo na uzuri wa picha, kwani kwa upande wa picha kila toleo jipya lingeshinda lile lililolitangulia na mjadala ungekwisha kabla haujaanza.

Nimecheza matoleo mengi, tangu lile la tatu, lililotoka kwenye mashine za sarafu (zile za kumbi za michezo) mwaka 1997 na kufika PlayStation mwaka 1998, hadi la nane la mwaka 2024. Ninapojaribu kuchagua moja, vigezo vyangu vinagombana. Nikifikiria wahusika na hadithi, ninaegemea Tekken 3. Nikifikiria uchezaji wenyewe, yaani namna mhusika anavyoutii mkono, ninaegemea Tekken 5. Nikifikiria raha ya watu wawili walioketi mbele ya skrini moja, basi Tekken Tag Tournament haina mpinzani: una wapiganaji wawili, unabadilisha wakati wowote, anayepumzika anarudisha sehemu ya uhai wake, lakini akiangushwa mmoja tu mmeshindwa wote, na sheria hiyo moja inatosha kuzua ubishi wa usiku kucha.

Ombi langu ni kwamba kila mmoja ataje toleo moja tu, aeleze sababu, kisha awe mkweli kuhusu kasoro yake.

Bint_Raundi

Ndugu Mkunjangumi, mimi ni wa Tekken 3. Wengi huitetea kwa kumbukumbu za utotoni, na naona utetezi huo unaidhalilisha, kwa sababu ubora wake unaonekana hata kwa mtu anayeigusa leo kwa mara ya kwanza. Katika matoleo mawili ya mwanzo mapambano yalifanyika karibu yote kwenye mstari mmoja: unasogea mbele, unarudi nyuma, au unaruka juu kupita kiasi na kubaki hewani kwa muda ambao mpinzani anautumia kuamua akupokee kwa pigo gani. Tekken 3 iliushusha mruko ule, kisha ikampa kila mhusika uwezo wa kukwepa pembeni kwa kugusa tu upande wa juu au wa chini. Hapo ndipo uwanja ulipopata upana. Pigo la kunyooka, hata likiwa zito namna gani, lilipata jibu ambalo halikuwa kujikinga wala kukimbia, na papo hapo mapigo ya kuzunguka, ambayo ni ya polepole lakini humnasa anayekwepa, yakapata kazi ya kufanya. Kila toleo lililofuata limejengwa juu ya uamuzi huo.

Kuhusu wahusika, hebu fikirieni ujasiri wa watengenezaji. Hadithi iliruka miaka 19 mbele ya Tekken 2, Kazuya aliyekuwa nguzo ya mfululizo akawekwa kando, na nafasi yake akapewa mwanawe, Jin, kijana ambaye hakuna mchezaji aliyekuwa akimfahamu. Pamoja naye waliingia Hwoarang na taekwondo yake, Ling Xiaoyu, Bryan Fury na Eddy Gordo wa capoeira, mapigano ya Kibrazili yenye mwendo wa ngoma. Kampuni nyingi zingeogopa kumgusa shujaa ambaye watu wamekwisha kumzoea. Namco, watengenezaji wa Tekken, walimgusa, na leo tunaona kana kwamba Jin alikuwepo tangu mwanzo.

Umetaka kasoro. Kasoro ni huyo huyo Eddy. Mtu asiyejua chochote anaweza kubonyeza vitufe viwili vya miguu ovyo ovyo na kumwangusha mwenzake aliyejifunza kwa bidii, na dawa yake, ingawa ipo, huhitaji utulivu ambao aliyekwisha kukasirika hana.

Mzee wa Padi

Dada Bint_Raundi ameeleza vizuri, na sina ubishi naye juu ya ukwepaji wa pembeni. Lakini kigezo changu ni kingine: napenda toleo ambalo nikishindwa, ninajua nimeshindwa na mtu. Kwa kigezo hicho nachagua Tekken 5, iliyotoka kwenye mashine za sarafu mwaka 2004 na kuingia nyumbani kupitia PlayStation 2 baadaye.

Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopita haraka. Kuanzia Tekken 6 ya mwaka 2007, mfululizo huu umekuwa ukimbeba anayeelekea kushindwa. Toleo la sita lilileta hali ya ghadhabu, ambapo mhusika aliyebakiza uhai kidogo anawaka rangi na mapigo yake yanaongezeka uzito. Toleo la saba likaongeza pigo maalumu ambalo mtu aliye katika hali hiyo anaweza kulitumia mara moja na kugeuza raundi nzima. Sipingi kwamba mambo hayo yanasisimua. Hata hivyo, katika Tekken 5 anayeelekea kushindwa hana msaada wowote kutoka kwa mchezo: ana uhai uliobaki, ana mikono yake, na ana kile alichokisoma kuhusu tabia ya mpinzani wake. Raundi ikigeuka, imegeuzwa na mchezaji.

Toleo la sita pia lilileta mapigo ya kumbamiza mpinzani chini katikati ya kombo (mfululizo wa mapigo yanayoungana) na kumwinua tena, na matokeo yake kombo zikawa ndefu. Kosa moja likikupata, unaweka padi, yaani kidhibiti chako, mapajani na kutazama. Katika Tekken 5 kombo ni fupi, kwa hiyo unarudishiwa mchezo mapema, na idadi ya maamuzi unayoyafanya ndani ya raundi moja inakuwa kubwa zaidi. Nadhani hicho ndicho anachokihisi Mkunjangumi anaposema kwamba mhusika anautii mkono.

Kisha kuna suala la kurudi nyuma. Wachezaji wa Korea Kusini walisifika kwa mbinu ya kukata mwendo wa kurudi nyuma kwa kugusa kona ya chini nyuma, kisha kurudi tena kabla mwendo wa kwanza haujakamilika, hivi kwamba mhusika anateleza nyuma mfululizo huku bado ana uwezo wa kujikinga. Ni mbinu inayochosha vidole, na anayeanza ataiona kama mateso. Lakini ndani ya Tekken 5 mbinu hiyo ina malipo makubwa: umbali kati ya wapiganaji wawili unageuka kuwa silaha, na pambano zuri linaweza kupita sekunde kadhaa bila pigo lolote kutua, kila mmoja akimchokoza mwenzake arushe pigo litakalokosa. Wapo wanaosema sekunde hizo ni za kuchosha. Mimi naziona ndizo mchezo wenyewe.

Kasoro zipo. Jinpachi, yule mzee ambaye ni mpinzani wa mwisho wa mchezo, ni dhuluma tupu: anakuduwaza kutoka mbali, kisha anakurushia moto kutoka kwenye kinywa kilichopo tumboni mwake, na hakuna ustadi wa kurudi nyuma utakaokufaa. Uwiano wa wahusika nao haukuwa mzuri, na Steve, yule mwanamasumbwi, ni mmoja wa waliowazidi wenzao. Toleo lililoboreshwa la Dark Resurrection lilirekebisha sehemu kubwa ya hayo na kuwaleta wapiganaji Lili na Dragunov, hivyo nikibanwa sana nitasema kwamba ninachokipenda ni Tekken 5 katika umbo hilo la pili.

Hatua Tatu

Nitakuwa mfupi, kwa sababu najua sitapata wa kuniunga mkono. Mimi ni Tekken 4.

Hili ndilo toleo lililoleta kuta, na leo hakuna anayeweza kuifikiria Tekken bila kuta. Lilileta pia sakafu zenye miinuko na vizuizi, likamrudisha Kazuya, likamtoa Jin kwenye mtindo wa Mishima, ukoo wa baba yake Kazuya, na kumfundisha karate, na likamtambulisha Steve Fox, mwanamasumbwi asiye na mateke. Ikumbukwe kwamba Tekken imesimama juu ya vitufe vinne, kila kimoja kwa mkono au mguu wake, halafu hapa wanamleta mtu ambaye vitufe vyake vya miguu ni vya kukwepea na kuinamia mapigo. Kwangu mimi hilo ndilo wazo la busara kuliko yote katika uundaji wa wahusika wa mfululizo huu. Ndiyo, Jin alikuwa na nguvu kupita kiasi, sakafu ziliharibu kombo bila sababu, na waliofuata waliirudisha sakafu tambarare. Napenda toleo lililojaribu.

Kaimu Bingwa

Wenzangu wote mmezungumza kama wachezaji. Mimi siku hizi ni mtazamaji zaidi, na kwa mtazamaji jibu ni Tekken 7, iliyoanza kwenye mashine za sarafu mwaka 2015 na kufika kwenye konsoli na kompyuta mwezi Juni 2017.

Mzee wa Padi analaumu vitu vya kumbeba anayeshindwa, na ninaelewa hoja yake. Lakini toleo la saba lina jambo moja ambalo halimbebi mtu: wapiganaji wawili walio ukingoni wanaporusha mapigo kwa wakati mmoja, mwendo wa picha unapunguzwa hadi mtu anaweza kuona ni ngumi ya nani itakayofika kwanza. Matokeo hayabadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni kwamba asiyejua chochote kuhusu mchezo huu anaelewa papo hapo kuwa kila kitu kimo katika pigo hilo, na ukumbi mzima unasimama pamoja.

Tena ni katika toleo hili ambapo ramani ya mashindano ilibadilika. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa Tekken ni mali ya Wakorea na Wajapani. Mwaka 2019 Arslan Ash, mchezaji kutoka Lahore nchini Pakistan, alishinda EVO Japan, tawi la Japani la mashindano makubwa ya michezo ya mapigano, kisha mwaka huo huo akashinda EVO ya Las Vegas kwa kumfunga katika fainali Knee, Mkorea ambaye wengi wanamhesabu kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa mchezo huu. Toleo lililowezesha nchi nzima kujitokeza kutoka nje ya macho ya dunia na kushika kilele haliwezi kuwa toleo la kubahatisha, hata likiwa na pigo moja la kugeuza raundi.

Kasoro yake ni hadithi: inasimuliwa kwa sauti ya mwandishi wa habari asiye na mvuto wowote, na Heihachi, baba yake Kazuya, anatupwa kwenye volkano kwa heshima zote za mazishi, halafu toleo la nane linamrejesha kana kwamba alikwenda kuoga. Na kwa kuwa nimelitaja toleo la nane, niseme tu kwamba ile hali yake ya joto, inayomruhusu mchezaji mara moja katika kila raundi kushambulia kwa nguvu na kumega uhai hata wa aliyejikinga, imewapendelea mno wanaoshambulia. Ni zuri kulitazama. Baada ya saa moja, mapambano yanaanza kufanana.

Mkunjangumi

Nawashukuru kwa kujibu kwa sababu na si kwa majina. Hoja ya Mzee wa Padi kuhusu idadi ya maamuzi ndani ya raundi imenisaidia zaidi ya zote, kwa sababu imenionyesha kwamba nilichokuwa nakiita utii wa mkono kinatokana na kombo kuwa fupi. Kwa hiyo naandika Tekken 5. Tag inabaki ya siku za wageni, na Hatua Tatu asikate tamaa, nitaipa ya nne nafasi nyingine kwa ajili ya Steve.

Swali dogo la nyongeza kwa Bint_Raundi: nakala ya Tekken 5 ya PlayStation 2 ina matoleo matatu ya kwanza ndani yake. Je, nikiicheza Tekken 3 humo nitakuwa nimeicheza kweli, au kuna ninachokikosa?

Bint_Raundi

Utaicheza kweli kwa upande wa mapambano, na ukwepaji wa pembeni utaukuta kama nilivyoueleza. Ila fahamu kwamba yale matatu ni matoleo ya mashine za sarafu, si yale ya nyumbani. Kwa hiyo hutampata Gon, yule dinosaria mdogo anayetoa moto, wala Daktari Bosconovitch anayeshindwa kusimama wima. Vilevile hutaukuta mchezo wa mpira wa ufukweni, wala ile sehemu ya kutembea ukipambana na kundi la maadui. Kama unataka kupigana tu, Tekken 5 inakutosha. Kama unamtaka Gon, itabidi utafute diski ya PlayStation ya mwaka 1998, na ukimpata, mpe mpinzani wako onyo mapema, kwa sababu ni mfupi kiasi kwamba mapigo mengi ya juu yanapita hewani bila kumgusa.