Faili la Access linaharibika kila umeme ukikatika: nihamie wapi bila kuandika programu upya?

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Wakubwa, salamu. Ninatunza programu ya depo moja ya dawa pale Nyawera. Ni ya Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft: ankara, stoo, madeni ya wateja, tarehe za dawa kuisha muda. Faili moja tu la .accdb, limekaa kwenye folda ya pamoja, na mashine tano zinalifungua humo humo, mbili kati yake kwa Wi-Fi. Umeme ukikatika muuzaji akiwa katikati ya ankara, kesho yake asubuhi naitwa: hifadhidata haitambuliki. Nairekebisha kwa ile amri yake ya kubana na kutengeneza, mara inapona, mara inapona ikiwa imemeza mistari kadhaa.

Bosi anataka mfumo wa mtandaoni. Lakini megabaiti tunanunua kwa kupimiana, na intaneti ikipotea hatuwezi kumwambia mteja arudi kesho. Kuna kijana amemshauri tuandike kila kitu upya. Fomu na ripoti ni nyingi, na wauzaji wamezizoea hadi wanachapa bila kutazama kioo. Je, naweza kubaki na programu hii na kubadilisha kile kinachoharibika tu?

Yaya_Seva (Goma)

Mdogo wangu, huyo kijana msikilize kwa adabu kisha umwache aende. Fomu zako hazina ugonjwa. Ugonjwa uko kwenye faili. Access haina seva: kila mashine inalifungua faili lenyewe na kuandika ndani yake kupitia mtandao. Mashine ikizimika, maandishi yanabaki nusu, na upande wa pili hakuna programu ya kuyamalizia wala kuyafuta.

Kwanza ya haraka. Gawa faili: majedwali upande mmoja, fomu, ripoti na msimbo upande mwingine. Hilo la pili kila mashine iwe na nakala yake kwenye diski yake. Wi-Fi ondoa, vuta kebo. Onduleri, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, iwekwe kwenye mashine yenye data na kwenye swichi ya mtandao pia. Watu wanasahau swichi, kisha wanashangaa mashine ni nzima lakini data imekufa.

Hayo yanapunguza maumivu tu. Dawa yenyewe ni kuyatoa majedwali kwenye Access na kuyapeleka SQL Server Express, seva ya hifadhidata ya Microsoft unayoisimika kwenye mashine moja hapo hapo depo. Haina malipo, na matoleo ya 2019 na 2022 yanabeba hadi GB 10 kwa hifadhidata moja, wakati faili la Access linakomea GB 2. SQL Server huandika kwanza kwenye daftari lake la miamala. Umeme ukirudi inalisoma, lililokamilika inalihifadhi, la nusu inalifuta. Fomu zako zitaunganishwa na majedwali hayo kwa ODBC, njia ya programu kuongea na hifadhidata, na muuzaji hataona tofauti.

Fundi_Kadutu

Asante yaya. Na SQLite, ile hifadhidata nyingine? Naona ni faili moja, nyepesi, haitaki kusimikwa.

Mzee_DBF (Mwanza)

Nimeanza na dBase, hifadhidata ya mafaili ya zamani, kwa hiyo mafaili ya pamoja nayajua kwa majina na tabia. SQLite ni kitu kizuri sana kwenye mashine moja. Kwenye folda ya mtandao unarudi pale pale: inategemea kufuli za mfumo wa mafaili, na kufuli hizo zikipita mtandaoni haziaminiki. Ile hali yake ya WAL, inayoruhusu watu kusoma huku mwingine akiandika, haifanyi kazi kabisa kupitia folda ya mtandao. Watengenezaji wake wenyewe wameliandika hilo kwenye maelezo yao. Mashine tano? Hapana.

Kitabu_cha_Kodi (Lubumbashi)

Mimi sikubaliani kabisa na yaya. Access ni deni, utalilipa tu siku moja. Lazarus, chombo cha kutengenezea programu, ni bure; Firebird, seva ya hifadhidata, ni bure, na Firebird inakaa kwenye mashine dhaifu bila kulalamika. Unapata programu moja ya .exe, hakuna mambo ya Office kila mahali. Ndiyo, fomu utazichora upya.

Yaya_Seva

Kitabu, kwa programu mpya tuko pamoja. Lakini huyu ana depo inayouza leo. Akishahamisha data kwenye seva, siku akitaka Lazarus ataisoma data ile ile, fomu moja moja. Na Office kila mahali si lazima: Access Runtime, ile ya kuendesha programu tu bila kuibadilisha, ni bure, wauzaji watatumia hiyo.

Kitabu_cha_Kodi

Sawa, hapo umenishinda kidogo. Basi Fundi, chukua mitego niliyokutana nayo kwa wateja. Microsoft ina chombo cha bure cha kuhamisha, SSMA for Access. Kinafanya kazi nzuri, ila kabla hujaunganisha kagua safu za ndiyo/hapana. Zikienda SQL Server zikiwa zinaruhusu utupu (NULL), Access itakuambia kwamba mtumiaji mwingine amebadilisha rekodi hiyo, hata ukiwa peke yako chumbani. Ziwekee 0 kama thamani ya mwanzo, kataza utupu, na kila jedwali liongezee safu ya rowversion, alama inayobadilika kila rekodi inapobadilishwa.

Pili, namba ya kujiongeza. Kwenye Access ulikuwa unaipata mara tu baada ya AddNew, amri ya kuanza rekodi mpya. Kwa seva haipo mpaka baada ya Update, amri ya kuihifadhi. Kama msimbo wako unachukua namba ya ankara mapema ili kuandika mistari yake, utavunjika hapo. Na OpenRecordset, amri ya kufungua rekodi ndani ya msimbo, itadai chaguo la dbSeeChanges.

Tatu, draiva ya ODBC ifanane na Office: biti 32 kwa 32, 64 kwa 64.

Mama_Hesabu (Bukavu)

Fundi, mashine zetu huku nyingi ziko kwa Kifaransa, desimali ni koma. Ukiunganisha maandishi kutengeneza amri ya SQL, lugha ya hifadhidata, bei ya 12,5 inaingia kama thamani mbili, 12 na 5, na amri inakataa. Hiyo angalau inapiga kelele. Tarehe ndiyo mwizi: Access inasoma #03/04/2025# kuwa tarehe 4 mwezi wa tatu, lakini #25/04/2025# inaielewa vizuri kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Kwa hiyo sehemu ya mwezi inakuwa sahihi na sehemu inakuwa uongo, na kwa dawa zinazoisha muda huo si mchezo. Tumia vigezo, yaani thamani zipelekwe kando na amri, acha kuunganisha maandishi.

Na pesa: usiweke kwenye Double, aina ya namba inayokadiria desimali. Tumia decimal, inayozishika kamili. Kila mstari wa ankara uandike kiasi, kama ni franka au dola, na kiwango cha siku ile. Ukihesabu upya kwa kiwango cha leo, deni la mteja linabadilika akiwa usingizini.

Fundi_Kadutu

Mama, nimekwenda kutazama, tarehe zote zimeunganishwa kwa maandishi. Naanza hapo. Bekapu je? Nasikia Express haina mratibu wa kazi.

Yaya_Seva

Haina. Andika amri ya BACKUP DATABASE kwenye faili la .sql, iite kwa sqlcmd, chombo cha kuendeshea amri za SQL, kutoka Task Scheduler ya Windows, saa ya chakula na jioni kabla ya kufunga. Nakala moja ibaki diski nyingine, moja itoke nje ya depo kwa flashi. Na mara kwa mara irejeshe kwenye laptopu yako, ufungue, uhesabu ankara za siku.

Fundi_Kadutu

Nihamishe kidogo kidogo, madeni kwanza kisha stoo?

Mzee_DBF

Usithubutu. Uhusiano kati ya jedwali lililobaki Access na lililokwenda seva haulindwi na yeyote. Utafuta mteja na ankara zake zitabaki yatima. Chagua Jumapili depo ikiwa imefungwa, mara baada ya kuhesabu stoo. Hamisha yote, linganisha jumla za madeni huku na kule, kisha lile faili la zamani lifanye la kusoma tu, muuzaji mkaidi asije akaendelea kuandikia humo Jumatatu.

Fundi_Kadutu

Hesabu ya stoo ni mwisho wa mwezi huu. Ninaenda kuuliza bei ya swichi.