Nimepewa MOJA ya huruma kwa kutomkodolea macho mwanamke anayelia. Mama wa kalamu nyekundu, Mungu anakuona!

BintiTanga_Ughaibuni (mleta uzi):
Wakuu, siwasalimii, nina hasira. Barua pepe imeingia saa tatu asubuhi, chai yangu bado iko kikombeni na imeota utando.

Mlioko huku Uingereza chuo nilichoomba udaktari mnakijua, na yule mama mtahini mnamjua. Miwani ya kamba, kalamu nyekundu. Simtaji, sina haja.

UCAT, ule mtihani wa kuombea udaktari, nilipata 2,150 kati ya 2,700, na ile sehemu ya busara nikawekwa bendi ya 2. Wakachukua namba hizo, wakachanganya na gredi zangu za GCSE (kama kidato cha nne cha huko nyumbani), wakatupanga kama mbuzi wa mnadani, wa juu wakaitwa kwenye usaili. Nikaitwa! Shangazi akapika biriani ya watu 40, na tuko sita. Kumbe ukishavuka geti zile namba zinatupwa jalalani, wote mnaanza sifuri. Sasa ni milango tu. Kengele inalia, unasoma karatasi dakika 2. Inalia tena, unaingia. Inalia, toka. Milango minane, watahini wanane, kila mmoja na karatasi yake ya alama.

Mlango wa nne. Karatasi inasema: umemgonga paka wa jirani kwa gari, ingia ukamwambie. Ndani kuna mwigizaji wa kulipwa. Nikamwambia. Akaangua kilio cha msibani, na kamasi za kweli. Nikafanya nilivyolelewa: macho chini, sauti chini, pole mama, pole sana. Babu yangu angenichapa bakora nikimtumbulia macho mtu mzima analia. Mtu akilia unatazama mkeka! Mkeka hapakuwa, nikatazama zulia.

Hapo ndipo nikasikia kalamu. KWARUU! Pole ya pili sijaimaliza, kalamu nyekundu ishaandika.

Leo wameniletea mchanganuo: kituo cha 4, huruma, 1 kati ya 5, hakumtazama mhusika machoni. MOJA! Paka wa kuigiza, machozi ya kuigiza, mwenye huzuni ya kweli mle ndani ni mimi peke yangu, napewa moja! Na pole ya pili hakuisubiri!

Siku akifiwa yule mama nitakwenda na tochi nimmulike machoni. Nawasilisha.

Mzee_wa_Kigamboni:
Umeua paka wa watu halafu unatazama zulia. Mimi ningekupa nusu.

Chapombe_Mstaafu:
"Na tuko sita" 😂😂 biriani iliyobaki iko wapi?

Tabibu_Mtarajiwa:
Dada, punguza jazba. Mtindo huo wa milango ulianzia chuo cha McMaster kule Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000, na uliletwa ili mtahini mmoja asiweze kukuangusha peke yake. Milango saba mingine ilisemaje?

BintiTanga_Ughaibuni:
Usinifundishe. Mingine haikuhusu. Nazungumzia KALAMU. Pole ya pili sijaimaliza!!

Mzee_wa_Kigamboni:
Haikuhusu = alama tatu tatu.

PCB_Haijanitoa:
Nyie mnatazamwa usoni mnalalamika? Mimi niko Singida, kidato cha sita nina BCC: B ni 4, C ni 3, C ni 3, jumla pointi 10. Nimeomba udaktari dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna mlango, hakuna kengele, hakuna mama. Kompyuta inaandika hujachaguliwa, basi. Natamani mtu aniandikie hata hiyo moja nijue kuna aliyeniona.

Chapombe_Mstaafu:
Pole.

Chapombe_Mstaafu:
Pole ya pili hiyo. Nimemaliza.

Kijana_wa_Likoni:
Watani, nyinyi afadhali. Huku Kenya wanachukua masomo manne ya kozi unayoomba, ndiyo klasta, wanapiga hesabu, kilele alama 48. Udaktari nimeukosa kwa 0.3! Wakanipeleka shahada ya udongo. UDONGO. Mamangu huwaambia majirani mwanawe ni daktari wa mashamba.

Mama_Michungwa:
Daktari wa mashamba, umetumwa na Mungu. Michungwa yangu Muheza inanyauka majani kuanzia nchani, kuna mtu kaniambia nimwage majivu. Nimwage?

Kijana_wa_Likoni:
Usimwage kwanza. Chimba kidogo shinani, tazama kama maji yanatuama. Mizizi ikikaa kwenye maji inaoza, majivu hayatasaidia kitu.

BintiTanga_Ughaibuni:
Wakuu, mada tafadhali.

Mama_Michungwa:
Yanatuama kweli! Asante baba.

PCB_Haijanitoa:
Yaani yeye wa udongo tayari ana wagonjwa.

Shombo_Makorora:
Maadam mmetaja paka. Paka wa jirani yangu kaingia jikoni mchana huu, kabeba changu wawili nimetoka kuwatia ndimu. Jirani namwambia, ananijibu eti paka wake hali samaki. PAKA HALI SAMAKI.

Mzee_wa_Kigamboni:
Huyo paka mpeleke kwa mleta uzi, ana gari.

Shombo_Makorora:
Na changu wenyewe nimewafuata soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, alfajiri, kwa miguu!

BintiTanga_Ughaibuni:
Deep Sea bado wanauza kwa fungu?